Mafunzo ya kujihami kwa polisi: Ujuzi wa mikono unavyookoa maisha ya pande mbili

KUMKAMATA mtu asiyetaka kukamatwa ni miongoni mwa kazi ngumu ambazo sheria humkabidhi askari polisi. Anayekamatwa anaweza kutumia hila yoyote aijuayo: kupiga, kung'ata, kurusha mchanga machoni au kuchomoa kisu kiunoni. Askari hana uhuru huo. Anatakiwa kumdhibiti mtu huyo, kumfunga pingu na kumfikisha kituoni akiwa hai, na yeye mwenyewe arejee nyumbani kwake salama.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mchezo wa ngumi na mafunzo ya kujihami kwa polisi. Bondia hushinda pale mpinzani wake anapoanguka. Kwa askari, kuanguka kwa mtuhumiwa ni nusu tu ya kazi, kwani kuanzia dakika hiyo uhai wa mtu huyo umo mikononi mwa dola.

Historia ya mafunzo haya katika nchi mbalimbali inaonyesha jambo moja linalojirudia. Askari asiyeiamini mikono yake hukimbilia silaha mapema. Kadiri ujuzi wake wa kuzungumza, kushika na kuzuia unavyokuwa haba, ndivyo kirungu, bomu la machozi na risasi vinavyokuwa karibu naye zaidi.

Sheria inavyoelekeza

Mwaka 1979 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Kanuni za Maadili kwa Maofisa Wasimamizi wa Sheria. Kifungu cha tatu cha kanuni hizo kinaeleza kuwa nguvu itumike pale tu inapolazimu kabisa, na kwa kiwango kinachotosha kutekeleza wajibu uliopo.

Miaka 11 baadaye, mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Havana, Cuba, ulipitisha Misingi ya Matumizi ya Nguvu na Silaha za Moto. Misingi hiyo inazitaka serikali kuwapa askari vifaa vya kujikinga, kama vile ngao, kofia ngumu na fulana za kuzuia risasi, ili haja ya kutumia silaha ipungue. Aidha, inataka mafunzo yatilie mkazo njia mbadala za nguvu: ushawishi, majadiliano, usuluhishi na kuelewa mwenendo wa umati.

Nchini Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamkataza askari kutumia nguvu zaidi, au kumdhalilisha mtu zaidi, kuliko inavyohitajika ili kumkamata au kumzuia asitoroke.

Kenya nayo, katika Katiba yake ya mwaka 2010, inaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi iwafundishe askari wake kwa viwango vya juu vya umahiri na uadilifu, na kuheshimu haki za binadamu. Sheria ya polisi ya mwaka 2011 ya nchi hiyo inaagiza, katika Jedwali lake la Sita, kwamba askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu kabla ya kutumia nguvu.

Maagizo yote hayo yana sharti moja ambalo halikuandikwa. Ili askari aanze na njia nyepesi, ni lazima awe nayo. Aliyefundishwa kwata na kulenga shabaha pekee anaweza kuisoma sheria hiyo kwa moyo mweupe, lakini siku ya tukio atajikuta ana ngazi mbili tu: kupiga kelele na kufyatua risasi. Mafunzo ya kujihami ndiyo yanayojaza ngazi zilizo katikati.

Kutoka Shanghai hadi Tokyo

Mmoja wa watu wa mwanzo kuyapanga mafunzo haya kuwa somo kamili la polisi ni Mwingereza William Ewart Fairbairn, aliyejiunga na Polisi wa Manispaa ya Shanghai, China, mwaka 1907. Shanghai ya wakati huo ilikuwa bandari tajiri, iliyojaa magenge ya watekaji nyara, wauza kasumba na wanyang'anyi wenye silaha.

Katika miaka yake ya mwanzo kazini, Fairbairn alivamiwa na kupigwa vibaya. Alipopona alianza kujifunza jujutsu, na baadaye alitunukiwa mkanda mweusi wa judo na Kodokan, shule mama ya mchezo huo iliyoko Tokyo. Mwaka 1926 alichapisha kitabu kuhusu mfumo wake aliouita Defendu, uliochanganya jujutsu, ngumi, mieleka na uzoefu wa mitaani. Msingi wake ulikuwa kwamba askari afundishwe mbinu chache na rahisi, zitakazomfaa hata akiwa na mwili mdogo kuliko mtu anayemkabili.

Mji huo pia ulitoa somo chungu. Tarehe 30 Mei 1925, polisi wa Shanghai waliwafyatulia risasi waandamanaji katika Barabara ya Nanjing na kuua watu wasiopungua tisa. Tukio hilo liliwasha migomo na hasira katika miji mingi ya China. Baada ya hapo, Fairbairn alikabidhiwa jukumu la kuunda na kufundisha kikosi maalumu cha akiba, kilichoandaliwa kukabiliana na ghasia na wahalifu wenye silaha.

Hata hivyo, urithi wake una sura mbili. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Fairbairn na mwenzake Eric Sykes waliwafundisha makomando wa Uingereza, na lengo la mafunzo likageuka kutoka kukamata hadi kuua. Tofauti hiyo haina budi kukumbukwa na kila anayeandaa mitaala ya polisi, kwa sababu mbinu ya kijeshi, hata ikiwa hodari namna gani, hujengwa juu ya kumwangamiza adui. Polisi hana adui; ana mtuhumiwa ambaye mahakama inaweza kumwachia huru kesho yake.

Wajapani waliifuata tofauti hiyo kwa makini zaidi. Baada ya nchi yao kushindwa vita mwaka 1945, walikuwa chini ya utawala wa majeshi ya Washirika, na michezo mingi ya mapigano iliwekewa vikwazo. Mwaka 1947, Polisi wa Jiji la Tokyo waliunda kamati ya mabingwa wa judo, kendo, karate, fimbo na bastola. Miongoni mwao walikuwamo Hironori Otsuka, mwasisi wa mtindo wa karate wa Wado-ryu, na Takaji Shimizu, bingwa wa fimbo.

Kazi ya kamati hiyo ilizaa somo linaloitwa taiho-jutsu, yaani sanaa ya kukamata. Ndani yake kuna kukwepa, kujinasua, kukunja viungo, kuangusha, kutumia kirungu na kufunga pingu. Kipimo cha mbinu katika somo hilo si ukali wake, bali ni kama inamwezesha askari kumtia mtu nguvuni bila kuumizwa, na bila kumuumiza mtu huyo kuliko inavyolazimu.

Nje ya somo hilo, askari wapya wa Japan hufanya mazoezi ya judo au kendo wakiwa chuoni. Tangu miaka ya 1950, Polisi wa Tokyo wamekuwa pia na utaratibu wa kuwapeleka baadhi ya askari wa kutuliza ghasia kujifunza aikido ya mtindo wa Yoshinkan kwa muda unaokaribia mwaka mzima.

Umbali, mkao na maneno

Wakufunzi wengi hukubaliana kwamba mbinu ya kwanza ya kujihami haihusu kupiga wala kushika. Ni umbali. Askari anayemhoji mtu hufundishwa kusimama mbali kidogo kuliko urefu wa mkono, mguu mmoja mbele, mwili ukiwa upande, na ubavu wenye bastola ukielekea nyuma. Mikono huwa wazi, juu ya kiuno, kama ya mtu anayeeleza jambo. Mkao huo hauonyeshi uchokozi, lakini unamwezesha kukinga pigo la ghafla.

Macho yake hufuatilia zaidi mikono ya anayehojiwa, kwa kuwa ndiyo inayobeba hatari. Ngumi iliyokunjwa, mkono uliofichwa mfukoni, au mtu anayetazama huku na huko kana kwamba anatafuta njia, ni dalili zinazomtaka askari arudi hatua moja nyuma na kumwita mwenzake.

Mwaka 1983, Dennis Tueller, sajini wa polisi wa Salt Lake City, Marekani, aliandika makala kuhusu jaribio alilolifanya na wanafunzi wake. Alibaini kuwa mtu mwenye kisu anaweza kukimbia umbali wa futi 21, ambazo ni kama mita sita na nusu, kwa sekunde moja na nusu hivi. Huo ndio muda ambao askari aliyefunzwa huuhitaji ili kuchomoa bastola na kufyatua.

Matokeo hayo yalienea katika vyuo vingi vya polisi, lakini mara nyingi yalipotoshwa. Wapo waliyoyageuza kuwa kibali cha kumpiga risasi mtu yeyote mwenye kisu aliye ndani ya umbali huo. Funzo lenyewe ni jingine: umbali ni muda, na muda ni uhai. Askari anayerudi nyuma, akajikinga kwa gari, ukuta au meza, amejiongezea sekunde za kuzungumza kabla ya kulazimika kuua.

Maneno nayo ni sehemu ya kujihami. Mafunzo ya kisasa humtaka askari atoe amri moja kwa wakati mmoja, kwa sauti thabiti na lugha fupi. Askari watatu wanapopaza sauti pamoja, mmoja akisema "simama", wa pili "lala chini" na wa tatu "toa mikono", mtu aliyekwisha tishika hawezi kuwatii wote. Kutotii huko huchukuliwa kuwa ukaidi, na kipigo huanza.

Mfumo mwingine unaotumika ni wa kugawana kazi. Mjini San Diego, Marekani, askari wawili waliuawa mwaka 1984 katika bustani moja ya umma. Kutokana na tukio hilo, polisi wa mji huo waliuendeleza utaratibu ambao askari mmoja huzungumza, hupekua na kufunga pingu, huku mwenzake akisimama kando kwa ajili ya ulinzi tu. Huyo wa pili haandiki, haulizi maswali wala hajibu simu. Anatazama.

Kushika, kuangusha na kufunga pingu

Pale maneno yanaposhindikana, mikono huanza kazi. Hapa askari hufundishwa kutegemea wenzo badala ya msuli. Mkono ulionyooshwa, ukishikwa kwenye kifundo na kukandamizwa juu kidogo ya kiwiko, humlazimisha mtu mwenye nguvu kuinama. Kifundo kikikunjwa kuelekea ndani, huleta maumivu yanayokoma mara tu kinapoachiwa. Hiyo ndiyo faida ya mbinu za viungo: zinaweza kuongezwa au kupunguzwa papo hapo, jambo lisilowezekana kwa ngumi iliyokwisha kutua.

Lakini mbinu hizo zina udhaifu wake. Mtu aliyelewa sana, aliyetumia dawa za kulevya au mwenye maradhi ya akili anaweza asisikie maumivu kwa namna ya kawaida. Kwa sababu hiyo, wakufunzi hupendelea mbinu zinazodhibiti mwili wenyewe, kama kumkumbatia mtu kwa nyuma, kumpiga mtama na kumlaza taratibu, kisha kuzuia nyonga na mabega yake yasigeuke. Hapo ndipo judo, mieleka na jujutsu vinapoingia, kwa kuwa ni michezo inayofanyiwa mazoezi dhidi ya mpinzani anayekataa kweli kweli.

Kufunga pingu ni hatua inayoonekana rahisi, ilhali ni miongoni mwa zenye hatari kubwa. Mtu aliyekuwa mtulivu anaweza kubadilika anapousikia mlio wa chuma kwenye mkono wa kwanza. Akifaulu kujichomoa, pingu iliyo wazi huwa silaha inayoning'inia mkononi mwake. Ndiyo maana askari hufundishwa kutoachia mkono wa kwanza mpaka wa pili uwe umefungwa, kuiweka mikono mgongoni, viganja vikitazama nje, na kuhakiki kuwa kuna nafasi ya ncha ya kidole kati ya chuma na ngozi. Kisha hufunga kizuizi cha pili ili pingu isiendelee kujibana na kuharibu mishipa ya fahamu.

Kirungu, pilipili na umeme

Kirungu ni silaha ya kale ya polisi. Askari wa London walianza kukibeba mara tu jeshi lao lilipoundwa mwaka 1829. Katika miaka ya 1970 vilienea nchini Marekani vile vyenye mkono wa pembeni, vilivyotokana na tonfa ya Okinawa, na baadaye vile vya chuma vinavyorefushwa na kufupishwa.

Mafunzo hulenga mahali pa kupiga kuliko namna ya kupiga. Paja, ndama wa mguu na mkono ulioshika silaha huhesabiwa kuwa maeneo yanayoweza kumsimamisha mtu bila kuhatarisha uhai wake. Kichwa, shingo, uti wa mgongo na figo havipigwi, isipokuwa pale ambapo hata risasi ingeruhusiwa.

Dawa ya pilipili ya kupuliza, inayotokana na kiini kikali cha pilipili, hufumbisha macho na kuleta kikohozi kwa dakika kadhaa. Inahitaji umbali, kutazama upande wa upepo, na maji ya kumwosha aliyepuliziwa mara baada ya kudhibitiwa. Ikipulizwa ndani ya chumba kidogo au gari lililofungwa, askari na mtuhumiwa huathirika pamoja.

Bunduki ya umeme maarufu kwa jina la Taser ilibuniwa na mwanafizikia Jack Cover wa Marekani katika miaka ya 1970. Hurusha vishale viwili vyenye nyaya na kukakamaza misuli, kwa kawaida kwa sekunde tano kila inapofyatuliwa. Hatari yake kubwa si umeme peke yake. Mtu aliyekakamaa huanguka kama gogo bila kuweza kukinga kichwa, hivyo haifai kutumiwa dhidi ya aliye juu ya paa, anayekimbia barabarani au aliye majini.

Kuilinda silaha kiunoni

Kila askari anayebeba bastola huingia katika kila ugomvi akiwa na silaha ambayo inaweza kuwa ya yeyote atakayeishika. Katika miaka ya 1970, mkufunzi wa polisi wa Kansas City nchini Marekani, James Lindell, alibuni mfumo maalumu wa kuzuia askari kunyang'anywa bastola.

Kanuni yake si ngumu kuieleza. Askari anayehisi mkono kwenye bastola yake huibana silaha ndani ya mfuko wake, hugeuza mwili ili kuvunja mshiko wa mwizi, kisha hujinasua kwa nguvu kwenye kiwiko au kifundo cha mkono wake. Kinachohitajika ni marudio mengi, kwa sababu pambano la namna hiyo huisha ndani ya sekunde chache.

Kwa wanaobeba bunduki ndefu, kama ilivyo kwa askari wengi wa doria Afrika Mashariki, tatizo ni kubwa zaidi. Bunduki hiyo haina mfuko. Askari mmoja hawezi kumfunga mtu pingu huku ameshika silaha kwa mkono wa pili. Hapo utaratibu wa wawili, mmoja akikamata na mwingine akilinda, huacha kuwa pendekezo na kuwa lazima.

Kabali na mwili uliolala kifudifudi

Hakuna mbinu iliyoleta misiba na mijadala mingi kama kabali, yaani kumbana mtu shingo. Katika judo hutumika chini ya macho ya mwamuzi, na anayebanwa hugonga mkeka ili aachiwe. Barabarani hakuna mwamuzi, na mtu anayekosa hewa hupapatika. Askari asiyejua huuona mpapatiko huo kuwa ni ukaidi, na huongeza nguvu.

Mjini Los Angeles, watu wasiopungua 16 walikufa baada ya kupigwa kabali na polisi kati ya mwaka 1975 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kumi na wawili kati yao walikuwa weusi. Takwimu hizo zilitajwa katika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1983, kwenye kesi ya Adolph Lyons, aliyebanwa shingo hadi akazimia baada ya kusimamishwa kwa kosa la taa ya gari. Mwaka 1982 mamlaka ya polisi ya jiji hilo iliwekea kabali vikwazo vikali.

Kilichofuata kina mafunzo yake. Machi 3, 1991, askari wa jiji hilo walimpiga Rodney King kwa virungu na mateke zaidi ya mara 50, huku mkazi wa jirani akirekodi kwa kamera ya video. Baadhi ya wakuu wa polisi walidai kuwa askari walikimbilia virungu kwa kuwa kabali ilizuiwa. Dai hilo haliwezi kuhalalisha kipigo kile. Lakini linaonyesha kuwa kufuta mbinu mbaya bila kufundisha nyingine iliyo salama huacha pengo, na pengo hilo hujazwa na chochote kilicho mkononi.

New York ilipiga marufuku kabali kwa askari wake mwaka 1993. Hata hivyo, Julai 17, 2014, Eric Garner alikufa katika eneo la Staten Island baada ya kubanwa shingo na askari, akirudia mara 11 kwamba hawezi kupumua. Kanuni ilikuwapo kwenye kitabu, lakini haikuwamo mikononi.

Kifo cha George Floyd mjini Minneapolis, Mei 25, 2020, kiliufikisha mjadala huo dunia nzima. Askari alimkandamiza kwa goti shingoni kwa takriban dakika tisa na nusu, akiwa amelala kifudifudi na pingu mikononi. Mkuu wa polisi wa mji huo wakati huo, Medaria Arradondo, aliieleza mahakama kuwa kitendo hicho kilikwenda kinyume cha sera na mafunzo ya jeshi lake. Askari huyo alitiwa hatiani kwa mauaji mwaka 2021 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu.

Onyo lilikuwa limetolewa miaka 25 kabla. Mwaka 1995, Wizara ya Sheria ya Marekani ilisambaza waraka ulioeleza jinsi mtu aliyelazwa kifudifudi, huku uzito ukimkandamiza mgongoni, anavyoshindwa kutanua kifua na kuvuta hewa. Waraka huo uliagiza kwamba mara tu pingu zinapofungwa, mtu ageuzwe kutoka tumboni. Hatua hiyo haihitaji nguvu wala kifaa: kumlaza ubavu, kumketisha, na kumwangalia anavyopumua.

Ujuzi usiorudiwa hupotea

Katika hatari, moyo hudunda kwa kasi, macho huona mbele tu, na vidole hupoteza wepesi. Mbinu yenye hatua sita, iliyofanywa mara mbili chuoni miaka kumi iliyopita, haiwezi kukumbukwa katika hali hiyo. Kwa hiyo mafunzo bora huchagua mbinu chache na kuzirudia mwaka hadi mwaka, pamoja na mazoezi ya igizo ambamo askari hulazimika kuamua: kuzungumza, kurudi nyuma, kushika au kusubiri msaada.

Matunda ya mafunzo ya aina hiyo yamepimwa. Polisi wa Louisville, katika jimbo la Kentucky, Marekani, walipofundishwa mpango uitwao ICAT, unaounganisha utulizaji wa ugomvi na mbinu za uwanjani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati walifuatilia matokeo. Ripoti yao ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa matukio ya kutumia nguvu yalipungua kwa asilimia 28, majeruhi miongoni mwa raia kwa asilimia 26, na majeruhi miongoni mwa askari kwa asilimia 36.

Tarakimu ya mwisho ndiyo inayopaswa kuwashawishi askari wenye mashaka. Wapo wanaodhani kuwa kumsihi mtuhumiwa ni kujiweka hatarini. Louisville, waliofaidika zaidi ni askari wenyewe.

Afrika Mashariki ina sababu zake

Haja ya mafunzo haya haiko ng'ambo pekee. Septemba 2, 2012, mwandishi wa habari wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kwa karibu akiwa amezingirwa na askari. Mwaka 2016 askari mmoja alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia na kuhukumiwa kifungo cha miaka 15. Kifaa kilichotengenezwa kutawanya umati kutoka mbali kiligeuka kuwa cha kuua kilipotumiwa dhidi ya mtu mmoja, hatua moja mbele ya mtutu.

Agosti 2017, mtoto Samantha Pendo wa miezi sita alifariki dunia mjini Kisumu, Kenya, kutokana na jeraha la kichwa, baada ya polisi kuvamia nyumba ya wazazi wake wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi. Uchunguzi wa mahakama uliomalizika mwaka 2019 uliwaona polisi kuwa ndio wa kubeba lawama. Silaha iliyotajwa katika uchunguzi huo ni kirungu, kifaa ambacho wengi hukiona kuwa hakina madhara makubwa.

Askari nao hufa na kujeruhiwa wakiwa kazini. Konstebo anayepelekwa peke yake kuamua ugomvi wa mume na mke usiku, au kumkamata mlevi mwenye panga kilabuni, anastahili kupewa zaidi ya ujasiri. Anastahili mwenzake wa kumlinda, kirungu anachojua kukitumia, na mwili uliozoezwa.

Gharama yake si kubwa ikilinganishwa na magari ya maji ya kuwasha na shehena za mabomu ya machozi. Ukumbi wenye mikeka, wakufunzi wa judo na mieleka, na saa chache kila mwezi kwa kila kituo vinatosha kuanzia. Kigumu zaidi ni ratiba, kwa kuwa kamanda mwenye askari wachache huona kila saa ya mazoezi kuwa ni saa iliyoibwa kwenye doria.

Raia kwa upande wake anaweza kulipunguza joto la tukio. Anayesimamishwa na polisi ajitahidi kuiacha mikono yake ionekane, aeleze kabla ya kuingiza mkono mfukoni kutoa kitambulisho, na asishindane kwa misuli hata anapoamini ameonewa. Malalamiko yana mahali pake mbele ya sheria, na huko ndiko askari atakakotakiwa kueleza kila alichofanya kwa mikono yake, kuanzia neno la kwanza hadi pingu zilipofungwa.